Matoleo, aina na usanidi wa bidhaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wanaobuni na kutengeneza vitu: mashine, pampu, vifaa vya umeme na programu zinazoviendesha. Mfano unaojirudia ni mashine ya kupukuchua mahindi, kwa sababu karakana nyingi za kwetu zinaitengeneza na vipuri vyake vinahesabika. Mifano mingine inatoka kwenye viwanda vikubwa vya nje ambavyo makosa yao yamechunguzwa na kuandikwa hadharani.

Toleo, aina na usanidi vinatofautianaje?

Toleo linahusu wakati. Mwaka jana shafti ya mashine ilikuwa ya milimita 25, mwaka huu ni ya milimita 30: hayo ni matoleo mawili, na la pili limekuja kuchukua nafasi ya la kwanza.

Aina zinaishi pamoja. Mashine ile ile inauzwa ikiwa na injini ya petroli, injini ya dizeli, mota ya fezi moja au mota ya fezi tatu. Zote nne ziko dukani siku moja na hakuna inayomfukuza mwenzake.

Usanidi ni hali kamili ya mashine moja: ina mota gani, shafti toleo lipi, beringi gani, puli ya ukubwa gani, na kama ina kidhibiti cha elektroniki, programu yake ni toleo namba ngapi. Mteja akipiga simu kutoka Mbozi kwamba beringi imekufa, unachohitaji kujua ni usanidi wa mashine yake. Kwamba ni mashine ya kupukuchua mahindi unajua tayari.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuipa aina mpya herufi ya toleo. Mtu anatengeneza mashine ya dizeli, anaiita "toleo C". Baada ya muda mgeni anaingia ofisini, anaona toleo C ndilo la mwisho, anaondoa toleo B kwenye orodha, na mashine za petroli hazina tena mchoro unaotambulika.

Kwa nini jina la bidhaa na mwaka wake visitoshe?

Nenda Kariakoo uulizie kipuri cha Toyota IST. Muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza namba ya chasisi kabla hajainuka kwenye kiti. IST za kizazi cha kwanza ziko za NCP60, zenye injini ya 2NZ-FE ya cc 1298; ziko NCP61, zenye 1NZ-FE ya cc 1497; na ziko NCP65, zenye injini hiyo hiyo ya cc 1497 lakini zinavuta magurudumu yote manne. Ukiziegesha pamoja, mpita njia hatofautishi. Probox zilizojaa barabara za Kenya ni vivyo hivyo: NCP50, NCP51, NCP55.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ya herufi na tarakimu 17 inayotumika kwingine. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Kilicho kabla ya kistari kinamwambia muuzaji aina. Namba ya mfululizo inamwambia gari lilitoka kabla au baada ya badiliko fulani. Mwaka peke yake haufanyi kazi hiyo, kwa kuwa viwanda havisubiri Januari ili kubadilisha kipuri. Ukitaka kuona mfumo mzuri wa usanidi ukifanya kazi bila kompyuta yoyote, simama kwenye kaunta ile kwa nusu saa.

Sehemu ikibadilika, ni lini ipewe namba mpya, na ni lini kubadili herufi ya toleo kunatosha?

Hili ndilo swali zito kuliko yote humu. Wahandisi hupima mambo matatu: umbo, namna kitu kinavyokaa mahali pake, na kazi kinayoifanya. Mimi hulipima kwa sanduku la stoo. Je, sehemu za zamani na mpya unaweza kuzichanganya kwenye sanduku moja, fundi akaingiza mkono akachukua yoyote, na mashine yoyote iliyowahi kutoka ikafanya kazi sawasawa? Kama ndiyo, ongeza herufi ya toleo na uendelee. Kama hapana, namba mpya, hata kama tofauti ni ndogo ya aibu.

Chukua beringi. 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52, upana 15. 6206 ina 30, 62 na 16. Hapo hakuna ubishi, moja haiingii mahali pa nyingine. Sasa linganisha 6205-2RS na 6205-ZZ. Vipimo ni vile vile, zote zinaingia, mashine inawaka na mteja analipa. Lakini 2RS imezibwa kwa mpira pande zote mbili, ZZ ina vifuniko vya chuma vinavyoacha upenyo mwembamba. Kwenye feni ya ofisini huenda usione tofauti. Kwenye mashine inayotema vumbi la mahindi msimu mzima, upenyo ule ndio mlango wa uharibifu. Kwa hiyo kwenye orodha yetu hizo ni sehemu mbili zenye namba mbili, na anayenunua haruhusiwi kuandika "beringi 6205" akaishia hapo. Alama ya C3 mwishoni nayo si pambo; inaonyesha nafasi kubwa zaidi kati ya gololi za ndani na njia yake.

Kuna hali ya katikati inayowachanganya wengi: sehemu mpya inafaa kwenye mashine za zamani, ila ya zamani haifai kwenye mpya. Watu husema "inaingiliana", wanabakiza namba. Hapana. Ipe namba mpya, kisha andika kwenye rekodi kwamba mpya inachukua nafasi ya zamani kila mahali.

Hivi kweli kuna madhara makubwa kubadilisha kitu kimyakimya na kuacha namba ile ile?

Yapo, na yameua watu. General Motors ya Marekani iliweka kwenye Chevrolet Cobalt, Saturn Ion na magari mengine kadhaa swichi ya kuwashia iliyokuwa nyepesi mno kugeuka. Uzito wa funguo zilizoning'inia, au goti la dereva, uliweza kuirudisha kutoka kwenye nafasi ya kuendesha. Injini inazimika gari likiwa kasini, usukani unakuwa mzito, na likigonga, mifuko ya hewa haifumuki.

Mwaka 2006 swichi ilirekebishwa. Kipini cha ndani kikafanywa kirefu zaidi na springi yake ikabadilishwa, mhandisi akasaini. Kihandisi, marekebisho yalikuwa sahihi. Namba ya kipuri ikabaki ile ile.

Fikiria sasa uko kwenye timu ya uchunguzi ndani ya kampuni. Unaona ajali zinahusu magari ya miaka ya mwanzo, na ya 2008 kuendelea hayana shida. Unafungua orodha ya vipuri: swichi ni moja, namba moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Unahitimisha kwamba swichi haiwezi kuwa chanzo cha tofauti hiyo, unaenda kutafuta kwingine. Ndivyo miaka ilivyopotea. Jambo lilijulikana mwaka 2013, mtaalamu aliyeajiriwa na mawakili wa familia iliyofiwa alipozilinganisha swichi zenyewe na kukuta hazifanani ndani.

Urejeshaji wa magari ulianza Februari 2014. Mwezi uliofuata kampuni ikalazimika kuongeza magari ya 2008 hadi 2011, ambayo yalitoka kiwandani na swichi nzuri. Swichi mbovu zilikuwa zimeshauzwa kama vipuri kwa namba ile ile, na hakuna karatasi ambayo ingeonyesha gari lipi lilifungwa ipi gereji. Jumla ilifika magari takriban milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai.

Namba mpya ya kipuri ingegharimu nini? Fomu moja na lebo mpya.

Tukibadilisha kitu kimoja, tutajuaje kama kila kinachohusiana nacho kimebadilika?

Kwa orodha ya mahali kila sehemu inapotumika, na kwa mtu anayeipitia mstari kwa mstari akiuliza: hii nayo? NASA ilikuwa na mfumo mkali wa kudhibiti mabadiliko, na bado ikakosa mstari mmoja.

Matangi ya oksijeni ya chombo cha Apollo yalibuniwa yakiwa na hita za volti 28. Mwaka 1965 mahitaji yalibadilishwa ili hita ziweze kupokea volti 65 kutoka kwenye mitambo ya uwanja wa kurushia. Hita zikafuata badiliko. Swichi za themostati zilizopaswa kuzima hita joto likizidi zikabaki za volti 28, na hakuna aliyelinasa hilo kwenye ukaguzi. Machi 1970, kwenye majaribio ya Apollo 13, tangi moja lilikataa kutoa oksijeni yake kwa njia ya kawaida. Mafundi wakawasha hita kwa takriban saa nane ili iyeyuke itoke kama gesi. Swichi zilipojaribu kukata umeme wa volti 65, zikaungana kwa joto na kubaki zikipitisha umeme. Kipimajoto hakikuwa na uwezo wa kusoma zaidi ya nyuzi 27 hivi za Selsiasi, basi aliyekuwa akikitazama aliona hali shwari wakati ndani nyaya zinaungua ngozi yake. Tangi likaruka hivyo hivyo, na tarehe 13 Aprili likalipuka.

Safari hiyo hiyo ina somo la pili, la sehemu zisizoingiliana. Wanaanga walipohamia kwenye chombo cha kutulia mwezini walihitaji makopo zaidi ya kusafisha hewa. Makopo ya chombo kikuu yalikuwa ya mraba, ya chombo kile yalikuwa ya duara, kila kimoja kikiwa kimejengwa na kampuni yake. Waliokolewa na plastiki, mabomba ya nguo zao na utepe wa gundi.

Karakana yetu ni ndogo. Tunahitaji kamati ya mabadiliko?

Hamhitaji kamati. Mnahitaji karatasi moja na watu wawili: anayetaka badiliko na mwingine atakayeulizwa "umefikiria nini kuhusu stoo?"

Karatasi ieleze kwa nini mnabadilisha, sehemu zipi zinaguswa, na zile za zamani zilizopo zitafanywa nini: zitumike ziishe, zirekebishwe, au ziwe skrepa. Kisha jambo linalosahauliwa kuliko yote: badiliko linaanza mashine namba ngapi. "Kuanzia Juni" haitoshi, kwa sababu Juni kuna mashine zilizoanza kuunganishwa Mei. Andika "kuanzia namba 0318". Fundi anayepokea simu za wateja atakushukuru miaka mitatu baadaye.

Aina zetu zimekuwa nyingi mno. Tufanyeje?

Hesabu kwanza, maana wengi hawajui wanazo ngapi. Vyanzo vinne vya nguvu, mara magurudumu au miguu, mara nyavu tatu za nafaka tofauti, mara bakuli kubwa au dogo la kumiminia: tayari ni michanganyiko 48. Mtu wa mauzo akikubali rangi mbili, 96. Chaguo 20 tu za ndiyo au hapana zinazaa michanganyiko zaidi ya milioni moja.

Usichore mashine 48. Tengeneza orodha moja kubwa yenye kila sehemu inayoweza kutumika, na kila mstari uwe na sharti lake: puli hii iwekwe ikiwa mota ni fezi tatu, ekseli hii ikiwa mteja amechagua magurudumu. Ongeza na makatazo, kwa mfano mota ya fezi moja isiuzwe na bakuli kubwa. Orodha ya mashine ya mteja fulani inapatikana kwa kuichuja ile kubwa. Mnaweza kuanza na Excel, mradi mtu mmoja ndiye mwenye ruhusa ya kuihariri.

Halafu amueni kisichobadilika kamwe. Volkswagen walipoanza kutumia jukwaa lao la MQB, yaani muundo wa msingi wa magari mengi, mwaka 2012, walifunga umbali kati ya kanyagio la mafuta na katikati ya gurudumu la mbele. Urefu wa gari, upana, matairi, vyote vikaachwa huru, ila umbali ule ukawa mmoja kwa magari mengi yanayotofautiana sana. Kwa mashine ya mahindi, chaguo langu lingekuwa matundu ya boliti za kufungia injini. Bati moja la kufungia linalopokea injini yoyote kati ya nne linaondoa michoro mingi kuliko programu yoyote mtakayonunua.

Na ziko aina za kufuta tu. Kama haijauzwa misimu miwili, ondoa kwenye orodha ya bei, ila michoro yake itunzwe kwa ajili ya waliokwisha kununua.

Bidhaa yetu ina programu ndani. Matoleo yake tuyapange vipi?

Desturi ya tarakimu tatu inatosha: ya kwanza ikipanda, kuna kitu hakiendani tena na cha zamani, ya pili, kimeongezwa kitu bila kuvunja, ya tatu, kosa limerekebishwa. Lakini tarakimu hizo zinazungumzia programu yenyewe. Bado unahitaji jedwali la toleo lipi linaenda na bodi ipi, na bodi yenyewe ijitambulishe programu inapowaka, ili programu ya bodi nyingine ikatae kufanya kazi.

Kuhamisha programu kutoka bidhaa moja hadi nyingine ndiko kwenye mtego. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na programu ya kupima mwelekeo iliyochukuliwa kutoka Ariane 4. Kwenye Ariane 4 ilikuwa imefanya kazi vizuri. Ariane 5 iliongeza kasi ya mlalo haraka zaidi. Namba moja ya biti 64 ikashindwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, kompyuta ikazima. Ya akiba ilikuwa na programu ile ile, nayo ilikuwa imezima kwa sababu ile ile. Roketi ikapotea chini ya dakika moja. Kinachochoma zaidi ni kwamba sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote Ariane 5 ikishaondoka ardhini. Ukirithi kipande cha programu, rithi na masharti yake kwa maandishi: kilijaribiwa kwa kasi gani, volti ngapi, joto gani.

Git, ile programu ya kutunza matoleo ya faili, inatosha kutunza michoro?

Kwa programu, ndiyo. Kwa faili za michoro ya kompyuta, kwa shida: Git haiwezi kuunganisha kazi za watu wawili waliogusa faili moja la mchoro, kwa hiyo lazima anayehariri alifunge wengine wasiliguse. Toleo la programu ya kuchorea nalo ni sehemu ya usanidi. Kwenye Airbus A380, wahandisi wa Hamburg walitumia CATIA toleo la 4 na wa Toulouse toleo la 5. Ndege ina nyaya za urefu wa takriban kilomita 530. Zilipofika kuunganishwa, nyingine hazikufika mahali pake. Mwaka 2006 kampuni ikatangaza ucheleweshaji, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa kwa Singapore Airlines Oktoba 2007.

Faili letu linaitwa "shafti_mwisho_mwisho_sahihi2". Tatizo liko wapi?

Hakuna ajuaye lipi lilipelekwa kwa mtu wa mashine ya kuchonga shafti. Namba ya sehemu, herufi ya toleo, basi. Hali yake, kama ni rasimu au imeidhinishwa, iwe kwenye folda na kwenye kisanduku cha mchoro chenye sahihi. Na mchoro uliobandikwa ukutani karakana ung'olewe siku toleo jipya linapotoka. Ule wenye alama za grisi ndio mafundi wanaouamini.

Kuna viwango vya kimataifa vya kufuata?

ISO 10007 inatoa mwongozo wa usimamizi wa usanidi. Toleo lake la 2017 ni jembamba na linasomeka. Ni mwongozo, hamtapewa cheti kwacho. Mkitaka kuuza kwa viwanda vinavyotengeneza ndege, AS9100, kiwango cha ubora cha sekta hiyo, italeta masharti yake.

Mteja akibadilisha vipuri mwenyewe huko shambani, rekodi zetu zina maana gani tena?

Zinaonyesha kilichotoka karakana, na hilo peke yake ni kubwa. Lakini usidhani ndicho kilichopo. Fundi wa kijijini hukosa beringi ya 6206 akachonga shafti ipokee 6205, na mashine ikapukuchua msimu mzima. Kila simu ya matengenezo ianze kwa kuomba picha mbili za WhatsApp: kibati cha mashine, na kipuri kilichoharibika upande wenye maandishi. Kama picha haikubaliani na rekodi, ongeza mstari kwenye rekodi wenye tarehe. Usifute wa mwanzo.

Kibati cha mashine kiandikwe nini?

Msimbo wa aina, namba ya mfululizo, na volti na fezi kama ni ya umeme. Msijaze matoleo ya kila sehemu hapo, yatapitwa; namba ya mfululizo ndiyo itakayofungua rekodi nzima. Maandishi yagongwe kwenye chuma, kwa sababu stika haimalizi masika. Kibati kifungwe kwa riveti kwenye fremu. Kikiwa kwenye kifuniko, kitahama siku vifuniko vya mashine mbili vitakapobadilishana wakati wa kupaka rangi.